Begi la Onyango

Mtu mwenye adabu haingii kwa jirani na kuanza kuomba chumvi kabla ya salamu. Atauliza kwanza: hali zenu? Nyinyi vijana mnaofanya kazi na kompyuta mnaingia kwenye faili bila hodi. Mnaona jina, mnabonyeza mara mbili, mnaanza kuandika. Kesho mnakuja kwangu mmeshika kichwa: Mama, kazi yangu ya jana imepotea. Haijapotea. Umeandika juu ya kitu ambacho hukukiuliza hali yake.

Mimi nilikuwa mchoraji wa ramani za ujenzi hapa Kisumu, katika ofisi ya wahandisi ambayo sitaitaja jina. Nilianza miaka ya themanini nikiwa msichana mwembamba, ingawa najua hamtaamini mkiniona leo. Nilitoka Sondu, kwa hivyo ofisini wote waliniita Nyar Sondu, yaani binti wa Sondu. Jina langu la ubatizo walilijua wachache, na mmoja wa hao wachache alikuwa Onyango, aliyenifundisha kazi.

Onyango alikuwa mrefu kiasi kwamba suruali zake zote zilionekana za kuazima. Alichora kwa mkono wa kushoto na alikuwa na mdomo usio na breki. Siku yangu ya kwanza alinipeleka kwenye mashine ya kutoa nakala, ile iliyotumia ammonia, akaniambia, "Nusa." Nikanusa, machozi yakanitiririka. Akasema, "Sasa umeajiriwa." Nilimchukia wiki nzima.

Wakati ule michoro ilikaa kwenye makabati ya droo pana. Kila droo ilikuwa na mfuko wa kadi mbele yake. Kadi nyeupe ilimaanisha mchoro upo na ndio unaotumika. Nyekundu ilimaanisha umetoka, uko kwa fulani. Njano ilimaanisha unarekebishwa, usiuguse. Kwa hiyo hukuhitaji kufungua droo ili kujua habari. Ulisimama mlangoni tu, ukatupa jicho kwenye zile kadi, na ukajua chumba kizima kiko katika hali gani.

Onyango alikuwa mkali juu ya kadi kuliko juu ya michoro yenyewe. Kisa chake ni zahanati moja tuliyochora kule kwetu upande wa Sondu. Mlango ulihamishwa kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na mchoro ukawekewa kadi ya njano. Karani mmoja mcha Mungu akaipenda ile rangi, akaichukua aweke alama kwenye Biblia yake. Aliyekuja baadaye akaona droo haina njano, akatoa nakala ya zamani, akampelekea fundi. Fundi naye akajenga ngazi nzuri ya zege, imenyooka, inapanda mpaka kwenye ukuta mtupu. Mlango uko upande wa pili. Wagonjwa wakaigeuza ile ngazi kuwa benchi la kusubiri daktari, na nasikia walisema ni zahanati pekee yenye benchi la ghorofa.

Tulicheka sana. Nawaambia hivyo ili mjue kwamba kosa la aina hii lina siku zake za kuchekesha. Mnacheka, mnazoea, na siku moja linakuja bila kicheko.

Kompyuta zilipoingia, katikati ya miaka ya tisini, wenzetu wengi waliziogopa. Wengine walizifunika kwa vitambaa vya mezani kama redio ya baba mkwe. Onyango hakuogopa. Alikaa mbele ya ile yake akaiongelesha kwa Dholuo, lugha yetu, akaitukana, akaibembeleza, na baada ya muda akawa anachora humo haraka kuliko sisi kwenye karatasi. Ofisi ilikuwa na kompyuta hapa mjini, na moja kuukuu ilipelekwa kwenye vibanda vya mabati tulivyokuwa navyo karibu na Ahero, kazi ikiwa huko. Hapakuwa na waya wa kuziunganisha. Michoro ilisafiri kwenye diski ndogo, zile za plastiki, ndani ya mfuko wa shati.

Na hapo ndipo alipogundua begi.

Sikilizeni vizuri, maana kisa chote kiko hapa. Ndani ya kompyuta za wakati ule kulikuwa na kitu kilichochorwa kama mkoba wa wakili. Sisi tulikiita begi. Ulikuwa unaburuta faili kutoka kwenye folda ya ofisi unaitia ndani ya begi, halafu begi lenyewe unalihamishia kwenye diski. Unaenda nalo Ahero, unafanya kazi huko, unarudi. Ukilifungua hapa mjini na kuamuru vitu vipangwe kwa safu, badala ya picha-picha, unaona jina la faili, na kando yake safu inayokuambia hali yake. Faili moja ingeandikwa kwamba iko sawa na ile ya nyumbani. Nyingine ingeandikwa kwamba moja kati ya hizo mbili imebadilika, zinahitaji kulinganishwa. Na kulikuwa na neno la tatu, kwa Kiingereza cha wenyewe: orphan, yaani yatima.

Onyango alifurahi kama mtoto. "Nyar Sondu, njoo uone! Kadi zetu zimerudi! Saa hii karani haezi kuiba ya njano!"

Akanifundisha mambo ambayo nawafundisha nyinyi mpaka leo, hata kama mitambo yenu ina majina mengine. La kwanza, usitazame picha, panga kwa safu, maana picha ya faili iliyooza na ya faili nzima zinafanana. La pili, kabla hujaamuru vitu vyote vilinganishwe kwa pamoja, soma mstari mmoja mmoja uone mshale unaelekea wapi. Mshale ukitoka kwenye begi kwenda ofisini, kazi mpya itafunika ya zamani. Ukitoka ofisini kwenda kwenye begi, ndiyo hivyo tena, jasho lako la Ahero linafutwa. Na kama mtu amefuta faili ya ofisini, begi litapendekeza kwa upole kabisa kwamba na nakala yako ifutwe. Mtu mwenye haraka atakubali. Nimeona mtu akikubali, akaenda kunywa chai, akarudi akakuta wiki nzima imekwenda.

Nilimwuliza kuhusu lile neno la yatima. Akasema ni faili iliyozaliwa ndani ya begi, au iliyotenganishwa na mwenzake wa ofisini. Haina wa kulinganishwa naye. Mmoja wa ofisini akasema basi hiyo ni takataka, ifutwe.

Onyango hakucheka. Enzi zile, mnajua au mmesimuliwa, kila Ijumaa kulikuwa na michango ya mazishi ofisini. Kulikuwa na ugonjwa ambao hatukuutaja jina, tulisema tu fulani ameumwa kifua. Nyumba ya Onyango ilijaa watoto wa ndugu zake. "Nyathi kich humfukuzi," akasema, akimaanisha mtoto yatima. "Unamwuliza alitoka kwa nani."

Sasa nije kwenye kazi ya Ahero.

Ilikuwa barabara ya changarawe, iliyoinuliwa juu ya uwanda wa Kano ili mafuriko yasiifunike. Barabara ya namna hiyo hugeuka ukuta. Maji yakija upande mmoja lazima uyatafutie njia ya chini, kwa hiyo unajenga kalvati, ile mifereji mikubwa ya zege inayopita chini ya barabara. Mahali kalvati inapomwaga ndipo maji yote ya upande wa juu yatakapotokea kwa nguvu. Mchoro wetu wa kwanza ulitegemea picha za zamani za uwanda ule. Mahali mdomo wa kalvati ulipoelekea palionekana patupu.

Hapakuwa patupu. Palikuwa na boma la Mama Nereah, mjane aliyelima mpunga, nyumba ya udongo na bati. Onyango alimkuta alipokwenda kupima kwa miguu. Alikuwa mtu wa kupima kwa miguu hata alipokuwa na kompyuta. Akakaa kwa yule mama, akanywa uji, akamwonyesha kwa mkono maji yatakapotokea, na yule mama akamwuliza swali moja tu: kwa nini wasiyapeleke kwenye mkondo wa zamani kule chini, ambako maji yenyewe yamezoea kupita? Onyango akaenda kuutazama ule mkondo. Akarudi kwenye kibanda cha mabati akachora upya, kalvati ikahamia mkondoni.

Alikuwa na tabia moja, na ilikuwa tabia nzuri, mimi mwenyewe nawafundisha. Hakuandika kamwe juu ya mchoro uliotiwa sahihi. Mchoro mpya aliupa jina jipya, akauhifadhi ndani ya begi, ili Injinia, mkuu wetu wa kazi ile, auone kwanza kabla ya kuufuta ule wa mwanzo. Kwa hiyo kule Ahero, ndani ya diski, kwenye droo ya meza ya bati, kulikuwa na faili iliyozaliwa ndani ya begi. Na hapa mjini, kwenye folda ya ofisi, mchoro wa zamani uliendelea kukaa umetulia, na sahihi yake, kama mwenye nyumba.

Juma lile lile Onyango aliugua. Tulikuwa tumeona anavyokonda, lakini nani angesema? Walimchukua kutoka Ahero moja kwa moja hadi hospitali. Nilikwenda kumwona mara moja, nikakuta amelala, nikaacha machungwa. Naumia mpaka leo kwamba nilimkuta amelala.

Siku moja, mke wake akiwa kando ya kitanda, Onyango alifumbua macho akamwambia hivi, na haya ni maneno yake kama nilivyokuja kuyasikia baadaye: "Mwambie Nyar Sondu afungue begi yangu. Ni yeye tu anajua kuifungua. Haraka."

Kisha hakusema tena la maana, na baada ya muda mfupi akafariki.

Jiwekeni mahali pa Mama Akoth, mke wake. Mume wako anakufa. Neno lake la mwisho lenye akili si kwako wala kwa watoto. Ni kwa mwanamke wa ofisini, ambaye hana mume, na ambaye yeye tu, haraka, ndiye anayejua kufungua begi. Na begi lilikuwepo! Onyango alikuwa na begi la ngozi ya kahawia lenye kufuli, alilokuwa akienda nalo Ahero na kurudi. Mama Akoth alifikiri vile ambavyo mwanamke yeyote angefikiri. Hakuniambia kitu. Alilia, akalifungia lile begi pamoja na nguo za marehemu.

Mazishi yalikuwa Seme, nyumbani kwao marehemu. Nilikwenda na wenzangu, nikapika na wanawake wengine, nikaona wananisogezea sufuria bila kunitazama usoni. Nikachota maji, mtu akayamwaga akachota mengine. Nilidhani ni kwa sababu ya Sondu, mji wa mpakani na kabila lingine, maana watu wana maneno yao juu yetu tunaotoka huko. Nilirudi Kisumu nimevunjika moyo mara mbili.

Kwa desturi, vitu vya marehemu haviguswi mpaka matanga yaishe na wazee wa nyumba wakae kuvigawa. Hiyo ni desturi nzuri. Inazuia watu kupigania shati la mtu ambaye kaburi lake bado linanuka udongo mbichi. Lakini wakati wazee wakisubiri siku yao, kule Ahero kiangazi kilikuwa kinaisha. Injinia alitaka kalvati iwekwe kabla ya mvua. Akafungua folda ya ofisi, akakuta mchoro mmoja, una sahihi, hakuna kitu kingine kando yake. Akatoa nakala, ikaenda kwa mafundi. Mimi mwenyewe niliona nakala ile ikipita mezani. Sikuwa na habari ya mchoro mwingine wowote duniani.

Siku ya kugawa vitu ilipofika, niliitwa Seme. Nilishangaa. Wazee wamekaa kwenye viti, Mama Akoth kwenye mkeka, na begi la ngozi katikati, kama mshtakiwa. Mzee mmoja, kaka mkubwa wa marehemu, akasafisha koo.

"Nyar Sondu, marehemu aliacha neno. Alisema wewe tu ndio unajua kufungua hii begi. Sisi hatutaki maneno mingi. Fungua tuone."

"Mimi sina ufunguo wa begi hii, Mzee. Sijawahi kuigusa."

"Usituzungushe," Mama Akoth akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake tangu mazishi. "Alisema haraka. Haraka ya nini?"

Wakavunja kufuli. Ndani mlikuwa na taulo, soksi, kalamu zake za zamani za wino na pakiti ya glukosi. Mama Akoth alivitoa kimoja kimoja na kuvikung'uta, akitafuta barua ambayo haikuwepo. Mimi nilikuwa nimesimama pale naona haya, na ndipo lile neno likanigonga. Begi. Alisema begi.

Nilikaa chini kwenye udongo. Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja, nikalia. "Mama Akoth," nikamwambia, "si begi hii. Ni begi ya kompyuta. Ni kazi. Ni mchoro." Nikajaribu kueleza. Jaribuni nyinyi kueleza wazee wa Seme, miaka ile, kwamba ndani ya kompyuta kuna begi lisiloshikika. Yule kaka mkubwa akanitazama kwa huruma kama mtu aliyepagawa. Lakini Mama Akoth alielewa upesi kuliko wote. Alijifunika uso kwa kanga, akasema polepole, "Kumbe ilikuwa kazi. Woi, Onyango, ilikuwa kazi tu." Sikumlaumu siku ile na simlaumu leo.

Kesho yake asubuhi nilikuwa Ahero. Nilipofika, kalvati ilikuwa imeshawekwa na zege limekauka, mdomo unatazama bati la Mama Nereah moja kwa moja. Mafundi walikuwa wanafungasha vifaa. Nikaingia kwenye kibanda, nikavuta droo, nikakuta diski. Nikaitia kwenye kompyuta, nikafungua begi, nikapanga kwa safu. Faili moja, jina jipya, na kando yake lile neno. Nikaifungua. Barabara ilikuwa ile ile. Kalvati ilikuwa kule chini mkondoni. Na pale palipokuwa patupu kwenye mchoro wa zamani, Onyango alikuwa amechora mraba wenye alama ya mlango, akaandika: Boma la Mama Nereah.

Nikamwita Injinia, aliyekuwa nje na mafundi. Hakuwa mtu mbaya, msinielewe vibaya. Alikaa na ule mchoro muda mrefu, akasogeza kofia nyuma, akaisogeza mbele.

"Hii ni kazi nzuri," akasema. "Lakini haina sahihi yangu. Angalia hata computer inasema, hii file ni orphan. Hakuna mwenye aliidhinisha. Nitavunja kalvati ya zege juu ya kitu haina baba?"

"Baba yake tumemzika Seme, Injinia."

Hilo lilimchoma, nilimwona. Halafu akasema maji yakimwagika hayazoleki, kwamba mkandarasi ameshaondoa mashine, kwamba ataandika makao makuu, na kwamba kiangazi kijacho watachimba mtaro wa kugeuza maji. "Mvua yenyewe pengine itakuwa ndogo," akaongeza.

Nilitoka pale na hasira. Nikatembea hadi kwa Mama Nereah.

Alikuwa anapepeta mchele kivulini. Sikuwa nimemwona kabla. Mdogo wa mwili, kichwa amefunga kitambaa cha kanisa.

"Bed piny, nyathina," akasema, keti mwanangu. Akaniletea njugu za kuchemsha.

Nikamweleza mimi ni nani na kwamba Onyango amefariki. Aliacha kupepeta. Aliniuliza alizikwa wapi, na kama mvua ilinyesha siku ya kuzika. Kisha nikasema lililonileta. "Mama, hiyo kalvati wamejenga, mdomo yake inaangalia hapa. Mvua ikija, maji yote itakuja kwako. Nakuomba uhame kwa muda. Huna mtoto?"

"Niko na Atieno, ameolewa kule Ahero. Lakini mama mtu anaweza kwenda kulala kwa mkwe?"

Haiwezekani, mimi Mluo najua haiwezekani. Nikauliza juu ya wana wa kiume. Akanyoosha kidole nyuma ya nyumba, kwenye makaburi mawili yaliyosakafiwa kwa simenti.

"Wako hapo. Nitawaacha na nani?"

"Mama, maji itakuja."

"Onyango alikaa hapo umekaa. Alikunywa uji yangu. Akaniambia, Mama, hiyo maji nimehamisha. Sasa wewe unasema haijahama?"

"Alihamisha kwa mchoro, Mama. Mchoro yake haikujengwa. Walijenga ile ingine."

"Kwani mchoro ziko ngapi?"

"Ziko mbili."

"Na mimi niko na nyumba moja," akasema, akarudi kupepeta mchele wake.

Nilikwenda kwa naibu wa chifu. Nikaenda kwa Atieno, binti yake, tukarudi pamoja, tukambembeleza mpaka jua likapinda. Alitupikia. Alisema Onyango hakuwa na sura ya mtu mwongo, na kwamba marehemu hawasingiziwi. Atieno alilia njia nzima ya kurudi. Kila nilipopata nafasi nilirudi kumwuliza Injinia juu ya ule mtaro, mpaka akawa anainuka mezani akiniona mlangoni.

Mvua haikuwa ndogo. Ilinyesha juu kule milimani, huku chini jua linawaka, na maji yakafika asubuhi watu wakiwa mashambani. Waliokuwa barabarani waliyaona yakijikusanya upande wa juu, yakapanda taratibu kwenye ukuta wa barabara, kisha kalvati ikaanza kunguruma. Majirani walisema Mama Nereah alitoka nyumbani mapema, akafika kwenye kichuguu palipokuwa pakavu. Walimpungia mkono akae hapo hapo. Akasimama kidogo akitazama nyuma, halafu akarudi. Alirudia nini, hakuna anayejua. Walimpata maji yalipopungua, kwenye mpunga wa watu wengine.

Injinia aliniita. Aliniambia niutie ule mchoro mpya kwenye folda ya ofisi, na akautia sahihi. Niliuingiza. Nikapanga kwa safu kama nilivyofundishwa, na ile safu ikaandika kwamba kila kitu kiko sawa, hakuna tofauti. Nilizima kompyuta nikaenda kukaa chooni, maana hapakuwa na mahali pengine pa kulilia pale ofisini. Mtaro ulichimbwa kiangazi kilichofuata, kama alivyosema.

Vijana, naona mnatazamana. Mnataka niseme nani alikosea. Mke aliyeumia? Wazee walioshika desturi? Injinia aliyefuata mchoro wenye sahihi? Mwenzangu aliyekuwa na adabu ya kutofuta kazi ya zamani? Nimewageuza wote kichwani miaka mingi na kila mmoja nampata na sababu yake. Ninalowaambia ni la kazi tu. Usiwe peke yako unayejua mchoro mpya uko wapi. Mwambie mwenzako leo, kwa maneno ambayo hata mke wako atayaelewa, maana anayebeba ujumbe si lazima awe anajua majina mnayoyaitia vitu ofisini. Na ukiona faili haina mwenyewe, tafuta.

Mwili wa Mama Nereah ulikaa mochari mpaka uwanda ukauke. Siku ya mazishi nilikwenda na nakala ya mchoro wa Onyango. Sikujua nampelekea nani. Nyumba haikuwepo. Hata makaburi ya wanawe hayakuonekana, matope yalikuwa yamefunika kila kitu, yakakauka na kupasuka. Jeneza lilikuwa juu ya meza ya kuazima, na wachimba kaburi walikuwa wamesimama na majembe, kwa sababu mwanamke huzikwa upande wa kushoto wa nyumba yake, na wazee walikuwa wanabishana nyumba ilikuwa wapi. Mmoja alisema mlango ulikuwa hapa. Mwingine akasema, hapana, hapa palikuwa na zizi.

Atieno alinijia. "Mama alikufa akisema Onyango aliahidi," akasema. "Alimdanganya?"

Nikafungua mchoro. Alitazama barabara, akatazama mkondo na kalvati iliyokuwa mahali pengine. Kisha akauona ule mraba na jina la mama yake, akaweka kidole penye mlango. Hakuniuliza tena lile swali.

"Kutoka kona ya barabara mpaka hapa," akasema, "ni futi ngapi?"

Nikamtajia. Akawaita wazee. Mtu akaleta kamba, tukaipima kwa futi, Atieno akashika upande mmoja pale kwenye kona, nami nikashika upande wa pili nikafuata mwelekeo wa mchoro juu ya matope makavu mpaka kamba ilipokaza. Nikawaambia mlango ulikuwa hapa niliposimama, na wakasogea upande wake wa kushoto wakaanza kuchimba.